Shamba la marehemu si la baba wadogo

Wasikilizaji wa Bengamisa, nanyi mliokimbilia Kisangani, Kampala ao mbali zaidi, nasema wazi: kufa bila wosia ni kuachia watoto vita. Matanga haijaisha, baba wadogo wanafika kufunga nyumba na kugawa parsele, mujane anafukuzwa na sufuria zake. Wanaita ile desturi. Mimi naita wizi.

Sheria ya Jamaa ya 1987 inapatia watoto, wasichana sawa na wavulana, robo tatu ya urithi. Mujane, wazazi na ndugu wa marehemu wanagawana robo inayobaki. Mtoto wa inje ya ndoa anarithi pia, lakini baba awe alimtambua angali hai. Ni wababa wangapi wamefanya hiyo?

Mnasema hamna pesa ya avoka. Kalamu inatosha! Andika wosia wote kwa mkono wako mwenyewe, si kwa mashine, weka tarehe na sinyatire. Taja shamba na mipaka yake, maana majirani waliojua mipaka nao walikimbia. Karatasi hiyo mpatie mtu asiyetamani shamba lako.