Hesabu Mizunguko Kabla ya Kupanda

Mwaka jana nilipangiwa mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya Momba, kule chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Kwa sisi tunaotoka Tunduma, unapita Vwawa, unafika Mlowo, halafu unaiaga lami na kushika barabara ya Kamsamba. Mtu ambaye bumu lake limechelewa hachagui usafiri. Nikapanda Land Cruiser ya mjomba wangu, ile yenye mabenchi mawili nyuma yanayotazamana. Nikakaa juu ya tairi la nyuma kushoto, begi mapajani, watu kumi na moja pamoja na magunia.

Mjomba alikuwa na furaha yake siku ile. Baada ya kuuza mpunga alinunua Tunduma rimu nne za spoti, za aluminiamu, zilizotumika, pana kuliko zile za chuma alizozoea, pamoja na matairi manene ya kuendana nazo. Alisema ni kwa ajili ya tope la Januari. Mimi nadhani nusu ilikuwa tope na nusu muonekano, na simlaumu. Gari ilikuwa imependeza kweli.

Tulipoanza kuteremka kuelekea bondeni nikasikia chini yangu: ka, ka, ka. Nikamwambia konda. Akajibu, “Dada, kaa utulie, hilo ni jiwe limenasa.” Mama aliyekaa mkabala nami akauliza ni jiwe gani linaongea kila tairi likizunguka. Hatukufika mbali, gari ikaanza kutikisa kiuno na mjomba akasimama mwenyewe. Nati zinatakiwa sita. Mbili hazikuwepo, tatu unazizungusha kwa vidole, moja tu ndiyo ilikuwa inashika. Matundu ya rimu yalishakuwa na umbo la yai.

Hakuna aliyeumia. Ndiyo maana hakuna aliyeandika popote, wala trafiki hakujua.

Fundi aliyeletwa kutoka Mlowo alikuwa mzee mpole. Alifungua tairi la upande wa pili ambalo lilikuwa bado zima, akalirudisha, akashika nati moja kwa vidole, akaniambia, “Mwalimu, hesabu.” Nikahesabu mizunguko: mmoja, miwili, mitatu, minne, na kidogo. Nati ikagota kwenye rimu. “Hapo inatakiwa nane,” akasema.

Nilidhani ni namba ya kijiweni tu, mpaka nilipokaa na kalamu. Bolti za gari ile zina unene wa milimita 12, na kutoka jino hadi jino ni milimita 1.5. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati iume bolti kwa urefu usiopungua unene wa bolti yenyewe. Gawanya 12 kwa 1.5, unapata nane. Rimu ya chuma ni bati jembamba, kwa hiyo bolti ilikuwa inatokeza vya kutosha na nati inapata pa kuuma. Aluminiamu ni laini kuliko chuma, hivyo rimu yake hutengenezwa nene pale inapofungwa, na unene huo unakula urefu wa bolti. Rimu ilibadilishwa, bolti zikabaki zile zile.

Na tairi halining'inii kwenye bolti kama shati kwenye msumari, ingawa hata mimi nilidhani hivyo. Ukikaza nati unaivuta bolti, inarefuka kidogo sana, na mvuto huo ndio unaoigandamiza rimu kwenye habu. Msuguano wa hapo ndio unaobeba kazi kubwa. Meno yakiwa machache hayawezi kuustahimili mvuto wote. Yanalika, mvuto unapungua, rimu inaanza kucheza, na ikishaanza kucheza inajifungua yenyewe. Mtu aliyezifunga rimu zile aliongeza bomba kwenye wili spana ili akaze zaidi. Hapo alikuwa anayamaliza meno machache yaliyokuwepo.

Dawa yake ni bolti ndefu. Zinaingia kwa nyuma ya habu, kwa hiyo lazima dramu itoke. Za zamani zinagongwa zitoke, mpya zinavutwa ndani kwa nati na washa mpaka kichwa kikae sawasawa, siyo kupigwa nyundo ili mradi zimeingia. Shingo yake iwe na unene ule ule na mistari ile ile, kinachoongezeka ni urefu tu. Na hata urefu una mtego: ukiweka bolti ndefu ukatumia zile nati zilizozibwa mdomo, bolti inaweza kugota kwenye kizibo kabla rimu haijabanwa. Wewe unaona imekaza, kumbe imekaza hewa. Kuna pia suala la uso wa nati. Rimu nyingi za chuma zinataka nati yenye mteremko kama koni, na baadhi ya rimu za aluminiamu zinataka nati bapa yenye washa. Halafu baada ya kilomita kama 50 hadi 100 unasimama na kukaza tena. Yote hayo ni kazi ya nusu siku, na bolti zenyewe hazifiki bei ya tairi moja.

Mjomba alipoambiwa akakataa. “Bolti hizi hizi zimebeba gari miaka kumi na mitano.” Ni kweli, ila zilibeba na rimu nyingine. Jioni akasema ajali haina kinga, na hapo ndipo mimi na yeye tulipotofautiana mpaka leo. Hii ilikuwa na kinga. Aliyeuza rimu hakuuliza zinakwenda kwenye gari gani. Aliyezifunga aliona bolti fupi akanyamaza.

Na mimi je? Ninasomea kufundisha fizikia. Skrubu ipo kwenye mada ya mashine rahisi, kidato cha pili, na nilishaijibu kwenye mitihani: ni mteremko uliozungushwa kwenye mhimili. Asubuhi ile wakati napakia begi nilizitazama zile nati. Ncha ya bolti ilikuwa imezama ndani kabisa ya nati, mdomo wa nati uko wazi. Unajua niliwaza nini? Niliwaza jinsi zilivyokaa nadhifu.

Kwa hiyo nasema na sisi tunaokodi magari kwenda ziara. Darasa likipanga kwenda kuona Kimondo pale Mbozi, kamati inabishana wiki nzima kuhusu spika na fulana. Hakuna anayetumwa kuchuchumaa kwenye tairi. Nataka kila kamati iwe na mtu huyo. Kazi yake ni kumuuliza dereva kama rimu zimebadilishwa, na kama ndiyo, bolti nazo zilibadilishwa? Kwa nati zilizo wazi aangalie ncha ya bolti: ifike mdomoni mwa nati au ipite. Ikiwa imezama, aombe nati moja ifunguliwe na ihesabiwe mizunguko. Watasema unajifanya fundi. Kama wewe ni binti kama mimi watasema na zaidi. Wacha waseme.

Wenzetu wa malori hawaoni aibu. Simama kwenye foleni ya Tunduma, tazama matairi ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Baadhi yana vishale vya plastiki vya njano juu ya nati, viwili viwili vinatazamana. Kimoja kikigeuka, dereva anajua nati imesogea hata kabla hajashika spana. Kwenye Land Cruiser ya kijijini mstari wa rangi kati ya nati na rimu unafanya kazi hiyo hiyo.

Mjomba hajawahi kukiri kwamba nilikuwa sahihi. Ila gari yake imerudi kwenye rimu za chuma. Zile za spoti zimebaki tatu, ya nne ilikufa siku ile. Zipo sebuleni, zimefunikwa kitenge, zinasubiri mwenzao na bolti ishirini na nne. Amesema nikirudi likizo twende wote dukani, nikahesabu.