Neno la Mhariri: Mpanga Njia

Miongoni mwa kazi zilizozaliwa na zama zetu, iko moja ambayo vijana huonja matunda yake kila siku bila kumtambua mtendaji wake, nayo ni kazi ya msanifu wa hatua za michezo ya video: yule ambaye, baada ya wachoraji kuchora na waandishi wa programu kuandika, hukata shauri mlango uwe wapi, adui ajitokeze lini, na mchezaji ajifunze nini kabla ya kukabiliwa na mtihani wake. Toleo hili ni la kazi hiyo, na dai letu ni kwamba usanifu huu ni tawi la ualimu, na kwa sababu hiyo mafunzo yake yaweza kuanza Pito, kata ya Manispaa ya Sumbawanga, kwa karatasi na penseli, hata kabla kompyuta haijafika.

Mwaka 1985, Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka wa Nintendo waliipanga hatua ya kwanza ya mchezo wa Super Mario Bros. pasipo kuweka neno lolote la maelekezo. Mchezaji hujiwa na kiumbe mmoja, polepole. Asiporuka hufa, lakini kwa kuwa ndiyo kwanza ameanza, hasara yake ni haba. Mbele kidogo hupiga tofali, uyoga ukatoka, ukakimbia, ukagonga bomba na kumrudia, na hata akitaka kuukwepa ni vigumu. Kumbe ukimgusa humkuza. Kwa nukta chache amekwisha kufunzwa hofu na fadhila, wala hakuhisi kwamba yumo darasani.

Wahenga wetu wa pwani hawakuwa wageni wa hekima hiyo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, lakini katika namua, yaani awamu ya kwanza ya mchezo, kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni, na 22 zilizosalia huzishika akiba, akiingiza moja kila zamu yake, hata ubao ukajaa mashaka kwa kadiri akili yake inavyozidi kuuzoea. Huo ni usanifu uliotimia, nao ni urithi wetu halali.

Sasa na tuitazame Pito, katika uwanda wa juu wa Ufipa ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Tumpe mwanafunzi wa hapo karatasi ya miraba, tumwambie apange safari ya kutoka mashambani hadi Lyamba lya Mfipa, ukingo wa uwanda huo, kisha chini mpaka bonde la Rukwa. Aanze na ntumba, vile vilima vya udongo ambamo Wafipa hufukia majani ili yaoze na kuirutubisha ardhi: viwe vifupi, vyenye nafasi sawa, mchezaji ajifunze kuruka mahali ambapo kuanguka hakuumizi. Kisha nafasi zipanuke. Ukingoni amwonyeshe ziwa likimeta kwa mbali, ili ajue aendako. Halafu njia iteremke mitini, ziwa lifichike, lionekane tena kila anapokaribia kukata tamaa. Akimaliza, mwenzake aipitie njia hiyo kwa kidole, naye mwenyewe anyamaze. Pale kidole kitakaposita bila kukusudiwa, pana kosa, na kosa hilo ni la msanifu, si la mchezaji.

Atakayesema kwamba karatasi peke yake haizai mchezo amesema haki. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alinunuliwa kompyuta na mamaye aliyedunduliza dola 300 kwa miaka 3, akawa anatembea saa 3 ili kuichaji. Alijifundisha mwenyewe, akabuni mchezo wa Salaam, na mwaka 2018 akatunukiwa katika hafla ya The Game Awards. Twamstahi kwa taadhima kubwa, lakini ustahimilivu wa mtu mmoja si hoja ya kuwaachia wengine taabu ileile.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeipa elimu ya amali mkondo wake katika sekondari. Ndani ya mkondo huo twaomba chumba kimoja, kompyuta chache zenye Godot, programu ya kutengenezea michezo isiyotozwa ada, na walimu wa sanaa, hisabati na jiografia wakubali kufundisha pamoja, maana kazi hii haimilikiwi na somo moja. Mpanga njia ndiye huamua kipi kiogopwe na kipi kitamaniwe. Watoto wetu wamecheza muda mrefu katika maamuzi ya wengine, na ni wajibu wetu sisi tulio wazima kuwapa zana za kuamua yao.