Kariokor: Jina Lililodumu, Majina Yaliyopotea

Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Methali hii hukaririwa madarasani kila uchao, lakini ni nadra mwanafunzi kuonyeshwa nyasi zenyewe. Jijini Nairobi zipo, tena zina jina. Utingo wa matatu hulitangaza tangu alfajiri: Kariokor. Wanunuzi huliendea soko la mtaa huo kutafuta vyondo, viatu vya ngozi na nyama ya kuchoma. Jijini Dar es Salaam, jina lilo hilo, Kariakoo, limekuwa la soko maarufu mno. Wanaolitamka ni wengi. Wanaouliza lilikotoka ni wachache.

Asili yake ni jeshi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka Agosti 1914, serikali ya kikoloni ya Uingereza iliunda kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, kikiongozwa na afisa wa utawala Oscar Ferris Watkins. Ndimi za watu ziliyatwaa maneno hayo mawili ya Kiingereza zikayafinyanga kuwa neno moja. Palipokuwa na kambi ya wapagazi Nairobi pakaitwa Kariokor. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916 na kuweka kambi kama hiyo, pakaitwa Kariakoo. Baadaye serikali ilikibadilisha kikosi jina, lakini watu walishikilia lile la awali.

Haifai kudhani kwamba kikosi hiki kilikuwa kiambatisho tu cha jeshi. Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa mahali ambapo reli zilikuwa chache na barabara haba. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota mizigo kwa maelfu. Mnyama alipoanguka, mzigo uliwekwa kichwani mwa binadamu. Mpagazi alibeba takriban kilo 20 hadi 30: unga, risasi, dawa, vipande vya bunduki za rashasha, hata majeruhi. Naye pia alihitaji kula. Ikiwa mtu alikula karibu kilo moja kwa siku, basi aliyebeba unga angeumaliza mzigo wake mwenyewe kabla ya mwezi kwisha, na askari aliye mbele asipate kitu. Ndiyo maana kila hatua ya jeshi kusini ilidai wapagazi zaidi, na wapagazi hao wakadai wapagazi wengine wa kuwalisha. Bila wao, bunduki ya askari ingekuwa fimbo tu.

Mwanzoni wapo waliojiandikisha kwa hiari. Hata hivyo, mshahara ulipopunguzwa hadi rupia 5 kwa mwezi, na habari za vifo zilipofika vijijini, hiari ilikoma. Sheria ya mwaka 1915 iliipa serikali uwezo wa kuwachukua watu kwa nguvu. Mwaka 1917 John Ainsworth alikabidhiwa jukumu la kuongeza idadi ya wapagazi, na machifu wakaamriwa kutoa vijana. Jumla ya waliochukuliwa kutoka Kenya pekee ilizidi 150,000. Luo, Kikuyu, Kamba, Luhya, Meru na jamii nyinginezo zilitoa wana wao kwa vita ambavyo hazikuvianzisha wala hazikushauriwa kuvihusu.

Wengi wa waliofariki hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na ugonjwa wa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Watu waliozoea wimbi, mtama, viazi au ndizi walipewa unga wa mahindi ambao mara nyingi haukuiva vizuri, kwa kuwa kuni zilikuwa zimelowa na muda haukuwapo. Mvua kubwa za mwaka 1917 ziliyageuza mabonde ya Rufiji kuwa bahari ya matope, na mizigo ikaendelea kubebwa. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya vita kukoma Ulaya. Kufikia hapo, takwimu rasmi za vifo vya wapagazi wa upande wa Uingereza zilikuwa zimepita 40,000. Wanahistoria wengi huamini kuwa idadi halisi yakaribia 100,000. Tofauti baina ya takwimu hizo mbili si suala la hesabu tu. Ni ushahidi kwamba hapakuwa na mtu aliyehesabu kwa makini.

Je, malipo yalikuwa nini? Mwaka 1919 serikali ilianzisha mpango wa kuwagawia ardhi wanajeshi Wazungu waliopigana, na sehemu ya ardhi hiyo ilichukuliwa kutoka kwa Wanandi. Mpagazi aliyenusurika alirudi nyumbani kukuta kodi imepanda na kipande kikimngoja shingoni. Ama kwa waliofariki, mishahara yao mingi haikuwafikia jamaa zao. Watkins alipigania haki hiyo kwa miaka mingi, ila serikali ya Uingereza ilikataa. Si ajabu basi kwamba katika mwaka 1921, vyama vya vijana vya kutetea haki za Waafrika viliibuka Nairobi na Nyanza. Aliyeuona udhaifu wa Mzungu vitani hakuweza tena kumwogopa kama zamani.

Wapo wanaodai kwamba kikosi hiki hakistahili kukumbukwa. Husema kuwa vita vile vilikuwa vya mabeberu, na kwamba kumtukuza mpagazi ni kumtukuza aliyemtwika mzigo. Hoja hii ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili. Kumkumbuka aliyelazimishwa si kumsifu aliyemlazimisha. Kinyume chake, kunyamaza ndiko kunakomfaa mkoloni, kwa kuwa deni lisilotajwa huonekana limelipwa.

Mfano bora wa ukimya huo uko katika Barabara ya Kenyatta, jijini Nairobi. Hapo zimesimama sanamu tatu za shaba zilizozinduliwa mwaka 1928, mmoja wa watu hao akiwa mpagazi. Maandishi yake, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini hapana jina hata moja lililoandikwa pale. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Radhi hiyo ilikuja zaidi ya miaka 100 baada ya vita.

Katika pengo hilo, Kiswahili ndicho kilichotunza kumbukumbu. Kambi za wapagazi ziliwakutanisha watu wa lugha nyingi, na Kiswahili kikawa njia ya kupokea amri, kuomba maji na kuulizana habari za nyumbani. Waliorudi walirudi nacho. Serikali haikuyahifadhi majina ya watu, ila lugha ilihifadhi jina la kikosi, ikalibandika sokoni ambako halingeweza kufutika.

Hata hivyo, jina lisilofafanuliwa ni kama kaburi lisilo na alama. Wapagazi wenyewe wameshatoweka, na wajukuu wao ni wazee. Idara za Kiswahili na za historia katika vyuo vikuu hazina budi kuwatuma wanafunzi mashinani wakusanye masimulizi ya familia hizo kabla hayajazikwa nayo. Vitabu vya shule havina budi kukitaja kikosi hiki kwa zaidi ya sentensi moja. Nayo kaunti ya Nairobi haitapungukiwa na kitu ikiweka bango sokoni Kariokor, lenye maelezo kwa Kiswahili sanifu, ili mnunuzi wa kyondo ajue anakanyaga wapi. Ahadi iliyoandikwa kwenye shaba mwaka 1928 haikutimizwa na walioiandika. Waliobaki na uwezo wa kuitimiza ni wana.