Msitu wa Brussels na boriti za mababu zetu

Kila kiangazi familia zetu kutoka Muscat, Dubai na Doha hukimbilia Ulaya kufuata ubaridi. Mimi niko Brussels kwa binti yangu, na wageni wakija nawapeleka msitu wa Soignes, kusini mwa mji. Wakiona ile miti mirefu wanasema, "Masha'Allah, wenzetu Mungu kawapa!" Kawapa, sikatai. Lakini kuubakisha kumewatoa jasho.

Msitu huu leo ni kama hekta 4,400. Mwanzoni mwa karne ya 19 ulikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Napoleon alikata maelfu ya mialoni kuunda mashua za vita. Mwaka 1822 mfalme akaukabidhi kwa kampuni moja ya fedha, nayo ikauza zaidi ya nusu, pakageuka mashamba na majumba ya matajiri. Kilichobaki kikachukuliwa na serikali, na mwaka 1909 raia wakaunda jumuiya ya kuutetea. Hata hivyo barabara kuu ya kuuzunguka mji imepasua katikati. Ndiyo maana 2018 pale Groenendaal likafunguliwa daraja la wanyama, upana mita 60, limepandwa miti, paa na mbweha wapite bila kugongwa na magari. Daraja zima kwa ajili ya paa! Siku hizi adui ni joto na ukame, kwa hiyo wanachanganya miti ya aina nyingi wasitegemee aina moja.

Mtaniuliza: sisi na msitu wa Wabelgiji wapi na wapi?

Paa za nyumba za kale za Ghuba zilishikiliwa na boriti za mikoko ya Lamu na delta ya Rufiji. Majahazi yalishuka na kaskazi, yakarudi na kusi yamesheheni boriti, na huko wakiziita chandal. Nilipokuwa nikifundisha jiografia katika sekondari ya misheni, niliwaambia wanafunzi wapime vyumba vya nyumba za zamani: upana unafuata urefu wa boriti. Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Yaani tumelala chini ya mikoko ya pwani vizazi na vizazi.

Sasa tunarudi pwani ile ile na pesa mkononi, tunanunua viwanja Unguja. Na neno la kwanza ni lipi? "Hii mikoko itolewe, bahari ionekane." Nimelisikia kwa masikio yangu, tena kwa watu wanaowapeleka watoto wao kupiga picha kwenye hifadhi ya mikoko ya Qurum, pale pale Muscat! Imarati imeahidi kupanda mikoko milioni 100 ifikapo 2030. Sisi tunang'oa iliyokwisha kukua, inayozuia bahari isile ardhi, ambamo kamba na samaki wanalelewa.

Wallahi hili halihitaji mkutano. Kabla hujalipa, nenda kwa sheha uulize mikoko inaishia wapi, maana kuikata bila kibali ni kosa. Jenga nyuma yake. Andikisha kwenye mkataba kwamba fundi haigusi. Dalali akikuambia kiwanja kitapanda bei ikifyekwa, tafuta dalali mwingine, Zanzibar wamejaa.