MASHINE YA CHAMA NAYO INATAKA KUOGA



Mashine ya boti yetu ni mali ya wote, na ndiyo taabu yake. Wavu wa mtu ukitoboka, usiku huo huo anakaa na taa anaushona. Mashine ya chama ikirudi na chumvi yake inafunikwa turubai, kila mtu na kikapu chake, kwaheri. Kesho ikigoma kuwaka, eti mashine mbovu!

Si mbovu. Mashine ile inavuta maji ya bahari ijipoze nayo. Ikizimwa, maji yanayobaki ndani yanakauka, chumvi inaganda kwenye vinjia vyake kidogo kidogo mpaka maji hayapiti. Manahodha wanajua: ikianza kukojoa uzi mwembamba badala ya kumwaga kwa nguvu, imeanza kuziba. Ukiilazimisha inachemka mpaka pistoni inakwama, na hapo mpo mbali na upepo umekaza.

Dawa ni maji matamu. Itiwe kwenye pipa, maji yapite juu ya matundu ya kunyonyea, iwashwe taratibu bila gia, dakika 10 hivi. Basi.

Tena propela ivuliwe mara kwa mara. Mtakuta mshipi wa nailoni umejizungusha kwenye shafti. Huo unakata sili, maji ya chumvi yanaingia kwenye oili ya gia. Oili ikitoka nyeupe kama tui, asiseme mtu "bado inakwenda". Aitwe fundi siku hiyo. Shafti ikisafishwa ipakwe grisi, na grisi iwe grisi. Mafuta ya kupikia yanaganda na kushika mchanga, tuyaache jikoni.

Wengine wanasema maji yanabebwa kichwani na akina mama toka kisimani, leo tukaogeshe chuma? Hoja hiyo ni ya kweli, isichekwe. Lakini nani kasema wabebe wao? Boti inakwenda na vijana wenye mabega. Na maji ya pipa hayamwagwi kila siku, yanatumika mara kadhaa, yakianza kuonja chumvi ndiyo yanabadilishwa.

Maoni yangu ni haya. Mnada uendelee kama kawaida, maana samaki hawangoji. Lakini fungu la mabaharia wa siku hiyo likae kwa mweka hazina mpaka mashine imeoga na kufutwa. Najua neno hili litaniletea maneno barazani. Nayapokea, mradi msemaji aje kwenye mkutano aseme pia tukichangishana kununua mashine nyingine yeye atatoa ngapi.

Pipa lipo nyuma ya ghala, limekwisha katwa mdomo. Kilichobaki ni ubao mnene wa kuning'inizia mashine. Seremala amekubali kuutengeneza bure, anataka misumari tu.

Katibu