Nyumba Nayo Hupumua



Anayeijua Karatu mwezi wa Julai hahitaji kusimuliwa habari za baridi. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda hadi kwenye kingo za kreta ya Ngorongoro umekwisha kupita mita 2,200, mahali ambapo ukungu huweza kukaa mpaka jua limepanda. Majira hayo yakifika, akina mama wengi tunafanya jambo moja: tunaziba. Gunia dirishani, nguo kuukuu chini ya mlango, matambara kwenye matundu ya hewa yaliyo juu ya ukuta. Mimi nami niliziba.

Usiku mmoja, mume wangu akiwa safarini, niliingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto wapate joto. Mkaa ulikuwa umekolea vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Nikaona hakuna hatari. Usiku wa manane mtoto wangu mkubwa aliamka akilia kwamba kichwa kinamuuma, kisha akatapika. Nilipoinuka nimshike, miguu ilikataa kunibeba. Nilitambaa hadi mlangoni nikausukuma kwa bega. Mama mkwe alisikia kishindo, akaja akatutoa nje mmoja mmoja, tukapelekwa hospitali. Tulipona sote.

Asubuhi yake mama mkwe aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, nyumba zetu za zamani zilivuja hewa kila upande. Hii yenu ya saruji mmeifunga kama debe."

Alisema kweli. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo pua haiwezi kukuonya. Ikiingia mwilini hung'ang'ania damu kwa nguvu inayoshinda ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu hukosa pumzi huku anavuta hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Mkiona dalili hizo zimewapata watu wawili au watatu wa nyumba moja kwa wakati mmoja, msidhani ni malaria. Tokeni nje upesi, kisha mwende hospitali.

Basi jiko la mkaa lisilale chumbani kamwe, hata kama dirisha liko wazi kidogo. Kama ni baridi, ongeza blanketi, wavishe watoto soksi, walale pamoja.

Sasa tuje jikoni. Moshi wa kuni unaonekana, ndiyo maana tumeuzoea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto wa chini ya miaka mitano zaidi ya 237,000. Mtoto mdogo anayekaa katika moshi hatari yake ya kupata nimonia hukaribia kuwa maradufu. Na mtoto huyo, mama, aghalabu yuko mgongoni mwako wakati unapochochea.

Wenye jiko la dohani wamepiga hatua kubwa, lakini dohani isiyosafishwa ni sawa na koo lililoziba. Moshi hupanda kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi. Masizi yakijaa, njia huwa nyembamba na moshi hurudi ndani. Kuni mbichi huongeza taabu, maana hutoa masizi yenye utomvu mweusi unaoganda kwenye bomba na baadaye kuweza kushika moto.

Anayepika kwa kuni kila siku asafishe dohani kila baada ya mwezi mmoja au miwili, na asikose kufanya hivyo kabla baridi ya Juni haijaingia. Fanyeni hivi:

1. Acheni jiko lipoe kabisa. Ondoeni majivu yote.

2. Zibeni mdomo wa jiko kwa gunia bichi ili masizi yasitapakae. Jifungeni kitambaa puani na mdomoni.

3. Fungeni kifungu cha makumbi au matawi magumu kwenye kamba, na jiwe dogo chini yake. Kijana imara apande, akishushe ndani ya dohani na kukivuta juu mara kadhaa.

4. Angalieni kofia ya bati huko juu. Ndege na nyigu hupenda kujenga hapo.

5. Nyufa za jiko na za maungio ya bomba zikandikeni kwa udongo wa mfinyanzi.

6. Mwisho, washeni kipande cha gazeti ndani ya jiko. Moshi ukipanda, kazi imekwisha. Ukirudi usoni kwenu, bado kuna kizuizi.

Dohani na ipite kilele cha paa, yapata futi mbili juu yake. Ikiwa fupi, upepo huusukuma moshi urudi ndani.

Matundu ya hewa nayo yasisahauliwe. Vumbi letu jekundu likichanganyika na mafuta ya kupikia huziba wavu wa mbu mpaka hewa haipiti. Kila mwezi usugue wavu kwa brashi, maji ya vuguvugu na sabuni. Matundu yawe pande mbili zinazotazamana, ili hewa iingie huku na kutokea kule.

Katika maboma ya Kimaasai huko Ngorongoro, mama ndiye mjenzi wa nyumba. Yeye ndiye anayesimika fito na kukandika udongo na samadi, kwa hiyo ana uwezo wa kuongeza tundu la moshi juu ya mafiga bila kumsubiri fundi. Kwa jirani zetu wa Monduli, vikundi vya akina mama wa Kimaasai vimejifunza kujenga wenyewe majiko ya matofali yenye dohani ndani ya nyumba zao.

Wengine wetu sasa tunahamia kwenye gesi, hasa baada ya Serikali kuzindua, Mei 2024, mkakati unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni jambo jema, lakini fahamu kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi kama moshi, bali hulala sakafuni. Jiko la gesi lahitaji tundu la hewa karibu na sakafu pia. Ukisikia harufu yake, usiwashe kiberiti wala taa. Fungua milango, funga mtungi, toka nje.

Nyumbani kwangu matambara yale niliyazibua siku ileile. Baridi huingia kidogo, nasi tumeizoea. Jioni hii, kabla hujalala, inua macho uyatazame matundu ya nyumba yako. Kama kuna kitambaa, kitoe.

Tuonane mwezi ujao.