Kulimbua Pasipo Shamba

Msomaji wetu mmoja wa Birere, mjini Goma, ametuletea swali ambalo tuliliona dogo mpaka tulipolifikiri. Yeye ni Mhavu wa kisiwa cha Idjwi, baba wa watoto wanne, na riziki yake ni kusukuma chukudu. Babu yake alimsimulia sikukuu ya Muganuro: nafaka mpya haikuliwa kabla ya wakubwa kulimbua, kisha mzee wa nyumba huwapa watoto tonge la kwanza kwa mkono wake. Baba huyu ataka wanawe waione siku hiyo. Nauli ya mashua kwa watu sita, kwenda na kurudi, imemshinda. Basi auliza: Je, Mkristo aruhusiwa? Na asiye na shamba alimbue nini?

Swali la kwanza ni jepesi. Someni Kumbukumbu la Torati, sura ya 26: Waisraeli waliamriwa kumpelekea Mungu malimbuko ya nchi yao. Ni kweli kwamba zamani sikukuu hizi zilifungwa na matambiko ya mfalme, na wakubwa wa wakati ule waliziogopa. Nchini Rwanda, Umuganura ulipigwa marufuku mwaka 1925 chini ya utawala wa Wabelgiji, na Gashamura, mkuu wa ibada hiyo, akahamishiwa Burundi. Tangu mwaka 2011 sikukuu hiyo imerudishwa rasmi, nayo huadhimishwa Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Mtu wa Birere hahitaji kuelezwa hayo, kwani Gisenyi iko nyuma ya nyumba yake, na kuku wa pande mbili hawajui mpaka. Kumshukuru Mungu kwa mtama si dhambi. Kumwomba mzimu badala ya Mungu ni jambo jingine, na ndugu yetu alijua hilo kabla ya kutuuliza.

Swali la pili ndilo zito. Birere imejengwa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita mjini ukateketeza hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu; na waliojenga tena walijenga juu ya mwamba ule ule. Jembe likipigwa pale hutoa cheche. Unga hununuliwa sokoni kwa kikombe, na mnunuzi hajui umetoka shamba la nani. Malimbuko ya mtu kama huyu ni yapi, basi, kama si fedha ya safari ya kwanza ya chukudu? Nunua kwa fedha hiyo kikombe cha unga wa mtama au wa ulezi. Jasho lililotoka mgongoni mlimani si duni kuliko lililotoka shambani.

Lakini liko jambo ambalo ndugu yetu hakuliuliza, ila alilitaja kwa kupita. Rafiki zake wamemshauri akafanye sikukuu pamoja na watu wa Idjwi peke yao, mbali na majirani, “kwa sababu siku hizi hujui nani ni nani.” Twaelewa hofu hiyo. Tangu vita ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, wengi wamezika watu wao, na jirani amejifunza kumpima jirani kwa lugha yake. Hatuwezi kumlaumu aliyefunga mlango.

Hata hivyo, twamwomba aikumbuke sikukuu yenyewe jinsi ilivyokuwa. Mwanahistoria David Newbury, katika kitabu chake cha mwaka 1991 juu ya koo za Idjwi, ameonyesha kwamba katika Muganuro koo mbalimbali zilikuwa na kazi zao. Mwami peke yake hakuweza kulimbua, wala ukoo mmoja haukutosha. Nao hawakuwa wote wenyeji wa asili. Wengine mababu zao walivuka ziwa kutoka ng’ambo.

Sasa tuutazame ua wa msomaji wetu. Kuna nyumba nne na choo kimoja. Kuna Mshi fundi viatu, Mhunde aliyekimbia Masisi pamoja na wanawe, na familia ya Mnande. Mmoja ana sufuria kubwa, mwingine ana jiko, na Mshi, twaambiwa, ana ngoma ambayo haijapigwa tangu vita. Hizo si koo nne zenye kazi zao?

Kuhusu pombe ya mtama hatusemi mengi; wanywe wakubwa, kidogo, na mapema jioni.

Limebaki moja: nani atawalisha watoto tonge la kwanza? Baba mwenye swali ana umri wa miaka thelathini na minne tu, na mzee wake hayupo. Mkubwa wa ua ule ni bibi wa Kinande, mjane, muuza makaa. Tumemwambia aende kwake jioni, abishe hodi, naye amwombe.